Sura ya Sita: Kereng'ende wa Saa Moja na Dakika Kumi

Picha ilitundikwa nyuma ya kaunta, kati ya tangazo la dawa ya kikohozi na kalenda ya mwaka uliopita, nayo ilikuwa kubwa kuliko vyote viwili. Kereng'ende mwekundu alikuwa ameshika ncha ya kijiti kwa miguu, kichwa chini, mkia umenyooka juu wima, mabawa yote manne ameyainamisha mbele. Kijiti kilikuwa na pete tatu nyeupe. Maji nyuma yake yaling'aa kama bati jipya. Inspekta aliitazama mpaka akasahau kwa dakika nzima kwamba alikuja kuuliza habari za maiti.

"Umeipenda," mfamasia alisema. Hakuwa anauliza.

"Nani asiyeipenda? Umeipiga wewe?"

"Sahihi yangu hiyo hapo kwenye kona. Soma na saa."

Inspekta alisogea. Chini ya sahihi, kwa wino ule ule mweusi, paliandikwa: Jumamosi, saa moja na dakika kumi asubuhi. Ndiyo Jumamosi aliyokufa shemeji wa mfamasia.

Daktari wa meno, mume wa dada mdogo wa mfamasia, alitolewa bwawani saa tisa alasiri akiwa na jeraha juu ya sikio na kamera shingoni. Kayaki yake ya njano ilikutwa imepinduka kwenye matete. Kijimlango cha kadi ya kamera kilikuwa wazi, na kadi haikuwamo. Saa sita na dakika ishirini alikuwa amempigia mkewe simu kutoka majini, akamwambia kwamba leo amepata picha aliyoitafuta miaka mitatu. Baada ya hapo hakuna aliyeisikia sauti yake tena.

Leo ilikuwa Alhamisi. Mlinzi wa maboti alikuwa mahabusu, na saa nane mchana angesomewa shtaka la mauaji. Aliyemkamata alikuwa mkaguzi ambaye kituo kizima kilimwita Chapuchapu, kwa sababu faili halijawahi kulala mezani kwake zaidi ya siku tatu. Chapuchapu alikuwa amepandishwa cheo mara mbili katika miaka minne. Inspekta hakupandishwa hata mara moja, alimwonea wivu, na hakujidanganya kuhusu hilo. Asubuhi ile kabla ya kutoka ofisini alijiuliza kama anaifuata kadi kwa ajili ya haki au kwa hamu ya kumwona Chapuchapu akiumbuka. Aliona ni vyote viwili, akachukua mkoba wake akatoka.

Kwa Chapuchapu kadi haikuwa na fumbo lolote. Mke wa mlinzi alikuwa msafishaji katika kliniki ya daktari. Mlinzi alikuwa na wivu wa kupindukia, na Ijumaa alisimama gatini mbele ya watu saba akaapa kwamba atamzamisha daktari. Basi akamzamisha, akachukua kadi akidhani ina picha za mkewe. Faili likafungwa. Inspekta alipewa asubuhi moja tu ya kukamilisha maelezo ya ndugu wa marehemu.

"Jumamosi ulitoka majini saa ngapi?" alimuuliza mfamasia.

"Saa mbili na nusu. Nikaenda nyumbani, nikala, nikalala. Jua likishapanda mwanga unaharibika, mama. Anayejua kazi hii hawi majini saa sita."

"Shemeji yako alikuwa majini saa sita."

"Ndiyo nasema." Alipanga upya vikasha vya vidonge ambavyo vilikuwa vimepangika tayari.

"Kwani hakuijua kazi?"

"Alikuwa na bahati. Mimi ndiye niliyemshikisha kamera. Nilimpa ile yangu ya zamani alipomwoa mdogo wangu. Nikamfundisha kukaa kwenye kayaki bila kutikisika, kupumua taratibu, kumkaribia mdudu kwa kuachia upepo ukusukume badala ya kupiga kafi. Mwaka wa pili tu picha yake ikatoka kwenye kalenda ya manispaa. Miaka sita mfululizo ni yeye."

"Na zako?"

"Mwaka huu." Alielekeza kidole kwenye picha. "Nimeshaipeleka. Jumatatu."

Jumatatu ndiyo siku aliyozikwa shemeji yake. Inspekta aliitazama kalenda ya manispaa ya mwaka uliopita pembeni ya picha, akaona kwamba nusu yake ya juu, ile ambayo huwa na picha, haikuwapo. Zilibaki tarehe tu.

"Kalenda yako imepatwa na nini?"

"Ilichanika."

Ilikuwa imekatwa kwa mkasi, tena kwa kufuata rula.

"Na hii njano huku chini?" Palikuwa na doa la rangi, halikuonekana vizuri, kwenye ukingo wa picha.

"Ua la yungiyungi. Lenzi ikimlenga mdudu, vya karibu vyote vinafifia."

Inspekta alitoa simu yake aipige picha ile picha. Mfamasia alitoka nyuma ya kaunta haraka, akamshika kiwiko.

"Simama kushoto kidogo. Hapo taa inaakisi kwenye kioo." Kisha akaona haitoshi. Alifungua droo, akatoa nakala ndogo iliyochapishwa kwenye karatasi nzuri, akampa. "Chukua hii. Simu itakuharibia rangi."

Alimshukuru, akaitia mkobani. Katika miaka kumi na tisa ya kazi hakukumbuka kama mtu amewahi kumkimbilia namna ile kumpa kitu.

*

Mke wa mlinzi alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo tangu alfajiri, mfuko wenye shati safi la mahakamani juu ya mapaja. Inspekta alipopita aliinuka nusu, akakaa tena.

Ndani, mlinzi alikuwa mwanamume mfupi mwenye mikono ya kubeba maboti. Alizungumza akiitazama mikono hiyo.

"Wivu ninao, afande, sikatai. Mke wangu akichelewa dakika kumi natoka kumtafuta. Dada zangu wananicheka, shemeji zangu wananicheka, hata mama mkwe ananicheka. Lakini kuua?"

"Watu saba wamekusikia."

"Wamenisikia. Wamekwambia na kilichonisemesha?"

"Sema wewe."

"Daktari alikuwa na picha kwenye kamera yake. Kereng'ende dume amemshika jike shingoni kwa mkia, wameshuka wote mpaka majini, jike anataga mayai na dume hamwachii, asije akatokea mwingine. Akawaonyesha watu gatini. Akasema, huyu dume ni mlinzi wetu, mkewe hawezi hata kutaga peke yake. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikasema nitamzamisha."

Inspekta aliuma mdomo ili naye asicheke.

"Jumamosi je?"

"Alikuja saa tatu kamili, kitabu cha getini kina saa yake. Kabla hajapakia chochote akanipa mkono. Akasema, nisamehe kaka, jana utani ulizidi. Mtu mzima, daktari, ananiomba radhi. Nikaona haya. Nikamkatia kijiti."

"Kijiti cha nini?"

"Cha kukalia kereng'ende." Kwa mara ya kwanza alinyanyua macho. "Kereng'ende ana kiti chake, afande. Anaruka, anafukuza wenzake, anarudi pale pale. Ukimchomekea kijiti kizuri mbele ya matete, atahamia. Wewe unakaa kwenye kayaki unamngoja. Daktari kila akija alinisumbua nimkatie, na mimi kila siku namwambia miti si ya baba yangu. Siku hiyo nikamkatia cha mpera, kibichi, kimenyooka. Nikakimenya gome pete tatu, kama ninavyofanya kwenye kafi zangu zote ili watu wasinibadilishie. Nikamwambia hiki ni chako. Tukaagana vizuri."

"Ulimwambia mkaguzi haya?"

"Nilimwambia. Akaniuliza kama namwona mtoto."

Inspekta alitoa nakala ndogo mkobani akaiweka mezani. Mlinzi aliinama juu yake. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuangalia picha.

"Hiki ndicho. Hii pete ya tatu nimeikata vibaya, kisu kiliteleza. Unaona imepinda?" Alinyanyua kichwa. "Kumbe alimpata."

"Aliyenipa picha hii anasema aliipiga yeye. Saa moja asubuhi."

Mlinzi alicheka, kicheko kifupi cha pua.

"Saa moja? Saa moja kereng'ende ana baridi. Amejibandika kwenye tete, mabawa yamejaa umande, ukimshika haruki. Huku kusimama kichwa ni jua la utosini. Anaelekeza mkia kwenye jua ili limwangukie kidogo. Jua likilala kidogo tu na yeye anaulaza mkia. Miaka kumi na miwili nipo pale, sijawahi kumwona akifanya hivyo asubuhi."

"Una hakika?"

"Nenda ukaangalie mwenyewe. Saa sita."

Alipotoka, mke wa mlinzi alimuuliza kama ampelekee mumewe shati sasa au angoje. Inspekta alimwambia angoje kwanza.

*

Bwawa lilikuwa limefungwa kwa utepe wa polisi tangu Jumamosi jioni. Inspekta na Sajenti wa kituo chake walichukua kayaki mbili za kukodisha kwenye banda na kafi mbili zenye pete tatu kwenye mpini. Sajenti alikuwa mtu wa mwili, na kayaki yake ilizama mpaka karibu na ukingo.

"Afande, nikifia humu mwambie mke wangu sikuwa na mwanamke."

"Hataamini. Piga kafi."

Waliacha upepo uwasukume kuelekea matete ya upande wa pili, kama mfamasia alivyosema wajuzi hufanya. Kijiti walikiona mapema, kimesimama peke yake hatua tatu kutoka kwenye matete. Gome lilikuwa limeanza kunyauka na pete zimegeuka rangi ya chai, lakini zilikuwa tatu, na ya mwisho imepinda. Mlinzi alikuwa ndani tangu Jumamosi jioni, na hakuna aliyeruhusiwa kufika hapa baada yake. Kwa hiyo mwenye kukichomeka hapa ni daktari, Jumamosi, baada ya saa tatu.

Saa tano na nusu kereng'ende mwekundu alikuja akatua. Mkia wake ulikuwa umelala sambamba na maji. Alipita mwingine, naye akamrukia, wakazungukana wakipigana mabawa mpaka mgeni akakimbia, na mwenyeji akarudi kwenye ncha ile ile.

"Huyu na mlinzi ni ndugu," Sajenti alinong'ona.

"Nyamaza."

Joto lilizidi. Jasho lilimwingia Inspekta machoni, na miguu ikaanza kufa ganzi. Saa sita kasoro mkia ulikuwa umenyanyuka nusu. Saa sita na dakika tano ulisimama wima, kichwa chini, mabawa mbele, vile vile kama ukutani kwa mfamasia. Kivuli cha mdudu kilikuwa chini yake moja kwa moja, kidogo kama punje. Inspekta alitoa nakala akailinganisha. Kwenye picha pia kivuli kilikuwa punje.

Alitazama maua ya yungiyungi kuzunguka kijiti. Yalikuwa mengi, na yote meupe. Alizunguka upande wa pili, akaenda mpaka mwisho wa matete akarudi. Hakuona hata moja la njano.

"Sajenti, ukiwa umekaa hapo ulipo unataka kumpiga picha huyu mdudu, ni kitu gani kitaingia chini ya picha yako?"

Sajenti alikunja shingo kuangalia. "Pua ya kayaki yangu."

"Yako ni nyekundu. Ya daktari?"

"Njano," Sajenti alisema polepole. "Na ya mfamasia ni ya buluu. Huibeba juu ya gari, nimeiona."

Hatua mia moja kutoka pale, kwenye ukingo ambao banda la maboti haliuoni, palikuwa na njia ya gari inayofika mpaka majini. Inspekta aliipiga picha njia, kijiti na mdudu, kila kimoja kikiwa na saa. Kisha alimwomba Sajenti ang'oe kijiti taratibu wakitie kwenye mfuko. Kereng'ende alizunguka juu yao mara mbili tatu akitafuta kiti chake.

Ufukweni alimpigia simu Chapuchapu.

"Faili limefungwa, dada," Chapuchapu alisema. "Niko njiani kwenda mahakamani."

"Endesha polepole basi."

Alikata simu. Alifurahi, na hakuona sababu ya kujinyima furaha hiyo.

*

Ilikuwa saa saba na robo walipofika dukani. Mjane wa daktari alikuwamo, amejifunga kitambaa cheusi, amekuja kuchukua dawa ya kichwa kwa ajili ya wageni wa msiba. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mgongo ameupa ukuta wenye picha. Ilionekana wazi kwamba hakupenda kuitazama.

"Umerudi kuchukua kubwa?" mfamasia alimtania Inspekta. "Ile naweza kukuchapia."

Inspekta aliweka mfuko wenye kijiti juu ya kaunta.

"Saa moja asubuhi ya Jumamosi hiki kilikuwa bado tawi la mpera. Kilikatwa saa tatu, akapewa shemeji yako."

Mfamasia alikitazama kijiti, akaitazama picha.

"Vijiti vinafanana."

"Havikatwi vibaya mahali pamoja. Na mdudu huyu hasimami kichwa asubuhi. Nimetoka kumwona sasa hivi, uso wangu umeungua kwa ajili yake. Na mayungiyungi ya pale ni meupe yote. Hii njano ni pua ya kayaki."

"Ya mume wangu ni ya njano," mjane alisema kutoka kwenye kiti. Aliinuka akageuka, na sasa aliitazama picha kwa mara ya kwanza, kutoka juu mpaka chini. "Alinipigia simu anacheka. Nilimuuliza umeokota nini, akasema nimepata picha, mke wangu, mdudu amesimama kichwa. Kaka, uliniambia hii umeipiga wewe asubuhi."

"Nenda nyumbani, mdogo wangu."

"Siendi."

Inspekta alitoa kalamu na karatasi za maelezo. Alizungumza taratibu, kwa sababu alitaka kila neno lieleweke.

"Nitakuuliza swali moja, na jibu lolote utakalotoa nitaliandika. Hulazimiki kujibu. Picha hii ni ya nani? Ukisema ni ya marehemu, nitataka kujua umeipataje. Pengine umeokota kadi, pengine mtu amekupa. Wakili wako atapata pa kushika. Ukisema ni yako, basi saa sita mchana ulikuwa kwenye kijiti hiki, pale pale alipokufa, na siku tano hujamwambia mtu."

Sajenti alikuwa ameusimamia mlango. Friji ya chanjo ilinguruma pembeni.

Mjane alimshika kaka yake mkono. "Kaka, sema ni yake. Nakuomba. Sema tu ni yake."

Mfamasia hakumwangalia. Alikuwa anaiangalia picha, na uso wake ulibadilika ukawa wa mtu aliyeibiwa.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Miaka kumi na moja nakaa kwenye maji yale. Naamka kabla ya ndege. Yeye anakuja saa tatu, ameshiba, anachomeka kijiti. Unajua alinifanyia nini? Alinipungia mkono kutoka mbali. Shemeji, njoo utazame. Nikaenda. Akanigeuzia kamera nione. Alitaka nifurahi naye."

"Halafu?" Inspekta aliuliza.

"Sikufurahi."

Mjane aliuachia mkono wake.

"Picha ni ya nani?"

Palikuwa na nafasi hapo, na Inspekta aliiona akiipima. Ilimlazimu kusema maneno mawili tu, mbele ya dada yake, chini ya ukuta ule: ni yake. Midomo ilianza kulitengeneza neno, ikashindwa.

"Ni yangu," alisema. "Nimeipiga mimi. Andika."

"Saa ngapi?"

"Saa sita. Saa sita na robo."

"Kwenye kijiti hiki?"

"Hicho hicho."

Inspekta aliandika. Alimwambia Sajenti atoke akapige simu mahakamani, na ya pili kituoni, mke wa mlinzi aambiwe ampelekee mumewe shati, la kurudi nalo nyumbani. Kisha akamsomea mfamasia maelezo yake neno kwa neno. Alisikiliza kwa makini, mikono juu ya kaunta.

"Ongeza kwamba sikutumia stendi," alisema. "Nimeishika kwa mkono tu."

Inspekta aliongeza. Mfamasia alichukua kalamu, akaigeuza karatasi ikae sawa, akaweka sahihi yake kubwa kwenye kona ya chini, upande wa kulia, ile ile iliyokuwa ukutani.